mRDT hasi, slaidi chanya: kimelea kimejificha au kimepoteza kitu?

Swali: "Mimi ni muuguzi katika zahanati isiyo na maabara, tunategemea mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, peke yake. Miezi michache iliyopita aliletwa mtoto wa miaka sita mwenye homa kali. Nilimpima mara mbili, mara zote hasi, nikampa rufaa. Kesho yake hospitali wakanipigia kwamba slaidi yake, damu waliyoitazama kwa hadubini, imejaa vimelea vya malaria aina ya falsiparamu. Baadaye akaja mtu mzima, mambo yakawa yaleyale. Kwenye semina tuliambiwa kuna vimelea vilivyobadili vinasaba vyao ili kipimo kisivione. Je, ndivyo nilivyokutana navyo? Kipimo bado ni cha kuaminiwa? Na mgonjwa ana homa, kipimo kinasema hasi, nifanyeje?"

Pole na kazi, Muuguzi.

Nianze na mtoto, kwa sababu katika maelezo yako kuna neno moja lililonifanya nikae vizuri kitini: "imejaa". Ungesema slaidi ilikuwa na vimelea viwili vitatu vya kutafuta kwa jasho, jibu langu lingekuwa fupi. mRDT za kawaida huanza kuonyesha mstari vimelea vikifika kama 100 hadi 200 katika mikrolita moja ya damu. Chini ya hapo mstari hufifia au hauji kabisa, na hatuna sababu ya kukisingizia kimelea ujanja. Slaidi iliyojaa ni jambo jingine. Hapo uchache wa vimelea hauwezi kuwa kisingizio, na sababu zinazobaki ni za kuhesabika.

Kwanza tuihoji slaidi yenyewe, maana nayo si malaika. Rangi ya Giemsa isiyochujwa huacha vitone vinavyofanana sana na vimelea machoni pa mtu aliyechoka. Ndiyo maana mahali panapofanyika uchunguzi wa maana wa jambo hili, slaidi husomwa na wataalamu wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake kasema nini. Nachukulia kwamba hospitali walisoma sawasawa, ila waulize: nani alisoma, na alihesabu vimelea vingapi?

Pili, vipimo vyenyewe. Boksi lililokaa juani au kwenye buti la gari, pakiti iliyofunguliwa asubuhi ikatumika mchana, bafa (yale maji ya kudondoshea) ya kipimo cha aina moja iliyotiwa kwenye kipimo cha aina nyingine kwa sababu ile ya kwake iliisha: haya nimeyaona yote. Na hapa kuna imani moja iliyoenea ambayo ningependa tuizike. Mstari wa C, ule wa kudhibiti kipimo, ukitokea, wengi husema "kipimo ni kizima". Mstari wa C unakwambia tu kwamba maji yamepanda hadi juu na rangi imetembea nayo. Haukuhakikishii kwamba kingamwili zilizo kwenye mstari wa T, ule wa majibu, bado zina nguvu ya kukamata kitu. Ushahidi bora ni huu: siku hiyo, kwa boksi hilohilo, kuna wagonjwa wengine waliotoka chanya? Kama wapo, shaka juu ya boksi inapungua sana.

Tatu, kuna jambo linalowashangaza wengi: vimelea vikizidi mno, kipimo kinaweza kukosa mstari kwa sababu ya wingi huohuo. Kingamwili zote hushiba, kila moja ikiwa imeshika cha kwake, na hakuna inayobaki na mkono wa kumshika mwenzake. Ni nadra, na huvipata vipimo vya HRP2 (protini ya kimelea nitakayoieleza hapo chini) zaidi kuliko aina nyingine. Maabara wakiizimua damu ileile mara kumi kwa maji ya chumvi ya dripu na kuipima upya, mstari hujitokeza. Kwa mtoto mwenye slaidi iliyojaa, hili lilistahili kujaribiwa.

Nne ndiyo uliyoisikia semina. Ili tuelewane, inabidi tuingie ndani ya kile kikaseti cheupe.

Kipimo hakikioni kimelea. Ni kama mtu anayemtafuta mwizi gizani kwa kusikiliza kikohozi chake. Ukishadondosha damu na kuweka bafa, chembe nyekundu hupasuka na vilivyomo humwagika. Maji hayo hupanda kwenye utepe na kupita kwenye pedi yenye kingamwili zilizobandikwa kwenye punje ndogo mno za dhahabu. Ndiyo, dhahabu: ile rangi nyekundu ya zambarau unayoiona kwenye mstari ni dhahabu iliyo katika punje ndogo kiasi kwamba imepoteza umanjano wake. Kama damu ina protini inayotafutwa, kingamwili hizi huikamata na kupanda nayo. Mbele, kwenye T, kuna safu ya kingamwili nyingine zilizogandishwa kwenye utepe, nazo huikamata protini ileile kwa upande wa pili. Dhahabu inanasa, inarundikana, nawe unaona mstari. Protini isipokuwepo, dhahabu inapita T bila kusimama na kwenda zake hadi C.

Protini hiyo, kwa vipimo vingi vinavyotumika Afrika, ni HRP2, yaani protini ya pili yenye histidini nyingi. Hutengenezwa na Plasmodium falciparum peke yake. Ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Kimelea huitoa kwa wingi na kuimwaga kwenye damu, na umbo lake ni la vipande vifupi vinavyojirudia tena na tena, hivyo protini moja inaweza kukamatwa na kingamwili nyingi kwa pamoja. Kikohozi kikubwa, kwa kifupi. Ubaya wake unaujua: hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, ndiyo maana mgonjwa uliyemtibu akirudi na mafua baada ya wiki mbili kipimo bado kinasema chanya.

Sasa, jeni inayotengeneza protini hii, inayoitwa pfhrp2, iko kwenye kromosomu ya 8 kati ya 14 za kimelea. Ina ndugu yake, pfhrp3, kwenye kromosomu ya 13, ambaye hutengeneza protini inayofanana na ya kwanza kiasi kwamba kingamwili za kipimo huikamata nayo. Zote mbili zinakaa karibu na ncha za kromosomu, na kwa falsiparamu ncha ni mahali pa vurugu. Huko vipande hukatika, hubadilishana kati ya kromosomu moja na nyingine, na kuungwa upya vibaya. Kwa pfhrp3, mara nyingi kinachotokea ni kwamba ncha ya kromosomu ya 13 hung'oka na mahali pake huchukuliwa na nakala ya ncha ya kromosomu ya 11, kwa sababu kromosomu hizo mbili zina sehemu zinazofanana. Kwa pfhrp2, ncha ya kromosomu ya 8 hukatika, kisha kimelea hufunga jeraha kwa kofia mpya na kuendelea na maisha. Jeni imekwenda, na kizazi chake chote hakitakuwa nayo tena.

Kimelea kinadhurika? Kidogo sana, kama kinadhurika. Aina ya vimelea iitwayo Dd2, inayokuzwa maabara duniani kote kwa miaka mingi, haina pfhrp2. Nyingine, HB3, haina pfhrp3. Tunazilisha damu, zinaongezeka, zinaua chembe nyekundu kama kawaida. HRP2 inasaidia kitu fulani, huenda katika kushughulikia taka za himoglobini, lakini si uti wa mgongo wa kimelea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na semina yenu, na tofauti yenyewe iko kwenye neno "ili". Vimelea havikubadilika *ili* kipimo kisivione. Jeni ilikuwa ikikatika yenyewe, hapa na pale, kabla hata ya kipimo. Ushahidi mzuri uko Peru. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya sampuli 148 zilizokusanywa kati ya 2003 na 2007 kwenye msitu wa Amazoni wa nchi hiyo: asilimia 41 ya vimelea havikuwa na pfhrp2, asilimia 70 havikuwa na pfhrp3, na zaidi kidogo ya kimoja kati ya vitano havikuwa na zote mbili. Huko wagonjwa walikuwa wakipimwa kwa hadubini. Hapakuwa na kipimo cha kukimbiwa. Vimelea vilikuwa vichache, vimetokana na ukoo mdogo, na kilichopotea kwa bahati kikaenea kwa bahati.

Kipimo huingia baadaye, na kinapoingia hakibadili kimelea. Kinabadili nani anapona. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na mwongozo huo ni mzuri, umepunguza sana matumizi ya dawa mseto kwa watu wasiozihitaji. Lakini fikiria eneo ambalo kipimo pekee ni cha HRP2. Mwenye vimelea vyenye jeni anapata dawa, vimelea vyake vinakufa. Mwenye vimelea visivyo na jeni anaambiwa hana malaria, anarudi nyumbani na dawa ya homa, na mbu wanamuuma kwa wiki kadhaa. Rudia hivyo misimu mitano, kumi. Tunapepeta, na ungo wetu unabakiza pumba.

Ndivyo ilivyokwenda Eritrea. Mwaka 2016 wahudumu waliona jambo uliloliona wewe, ila kwa wingi: mRDT hasi, slaidi chanya, tena kwa wagonjwa wenye vimelea vingi. Sampuli zilipochunguzwa, katika hospitali ya Ghindae 21 kati ya 26 hazikuwa na pfhrp2 wala pfhrp3, na Massawa 10 kati ya 24. Nchi ikaviondoa vipimo vinavyotegemea HRP2 mwaka huohuo. Ethiopia ikafuata kwa uchunguzi mkubwa zaidi, watu 12,572 katika mikoa ya Amhara, Tigray na Gambella mwaka 2017 na 2018, na makadirio yakawa kwamba asilimia 9.7 ya maambukizi ya falsiparamu yangepita bila kuonekana na kipimo cha HRP2 kwa sababu ya jeni kufutika. Kilichonivutia zaidi kwenye kazi hiyo ni vinasaba vilivyozunguka pengo. Upande wa pfhrp2 palikuwa na dalili za mchujo wa nguvu na wa karibuni. Upande wa pfhrp3 pengo lilikuwa la zamani zaidi. Yaani vimelea vilikuwa vimekwisha kumpoteza ndugu mdogo, na vilipopoteza wa pili, kipimo kikabaki hakina cha kusikia.

Hilo la ndugu mdogo si jambo dogo kwako. Kimelea kilichopoteza pfhrp2 lakini bado kina pfhrp3 kinaweza kuonekana na kipimo endapo vimelea ni vingi, tuseme zaidi ya 1,000 kwa mikrolita, kwa sababu HRP3 inakamatwa kwa kuazimana sura. Kwa hiyo mtoto mwenye slaidi iliyojaa na kipimo hasi, kama kweli ni ufutikaji, basi ni ufutikaji wa jeni zote mbili. Mtu mwenye vimelea vichache angeweza kukwepa kipimo kwa kukosa moja tu.

Utauliza, kwa nini Pembe ya Afrika na si kila mahali? Mahali malaria ilipo nyingi, mtu mmoja anaweza kuwa na vimelea vya koo tatu au nne kwa wakati mmoja, baada ya kuumwa na mbu wengi. Ukoo mmoja ukikosa jeni, mwingine unaukoholea. Kipimo kinatoka chanya, mgonjwa anameza dawa mseto, na koo zote zinakufa pamoja, zenye jeni na zisizo nayo. Ukoo uliopoteza jeni haupati faida yoyote. Mahali malaria ilipo chache, mgonjwa hubeba ukoo mmoja, na ukoo huo ukiwa kimya hakuna wa kuusemea. Ongeza hapo huduma nzuri, watu wanaowahi zahanati na wahudumu wanaofuata majibu ya kipimo, na mchujo unakuwa mkali. Ni kejeli chungu: jambo hili hukua kwa kasi pale tunapofanya kazi yetu vizuri. Tanzania bara ilifanya uchunguzi mwaka 2021 katika vituo 100 vya afya na kukuta ufutikaji ni nadra sana. Lakini mahali popote malaria inaposhuka, hesabu hii hubadilika, hivyo majibu ya miaka mitano iliyopita si hati ya kudumu.

Ndiyo maana napata shida na watu wanaosoma habari ya Eritrea kisha wanatangaza kwamba mRDT "hazifanyi kazi tena". Shirika la Afya Duniani limeweka kizingiti: ikiwa katika eneo fulani zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa falsiparamu wenye dalili wanapata majibu hasi kwa kipimo cha HRP2 kwa sababu ya jeni kufutika, nchi ibadilishe kipimo. Kwa nini 5, kwa nini si 1? Kwa sababu kipimo mbadala nacho kina mapungufu yake. Mbadala unaotumika ni pLDH, kimeng'enya ambacho kimelea hukitumia kuchoma sukari. Hiki si kikohozi, ni pumzi yenyewe: kimelea hakiwezi kukitupa kikaishi. Faida nyingine ni kwamba hutoweka siku chache baada ya vimelea kufa, hivyo hakikuchanganyi mgonjwa akirudi. Lakini kimelea hutoa pLDH kidogo kuliko HRP2, na vipimo vyake kwa muda mrefu vimekuwa vikikosa wagonjwa wenye vimelea vichache na kuvumilia joto vibaya zaidi. Kwenye asilimia 5 au karibu na hapo, idadi ya wanaokosewa na HRP2 kwa sababu ya jeni huanza kuizidi idadi ya wale ambao wangekosewa na pLDH kwa sababu ya udhaifu wake. Chini ya hapo, ukibadilisha kipimo kwa hofu unaweza kuwakosa watoto wengi zaidi ya uliotaka kuwaokoa.

Ukipata vipimo vyenye mistari miwili, mmoja wa HRP2 na mmoja wa pLDH, soma kwa makini unatazama pLDH ya nini. Kuna ile inayokamata pLDH ya falsiparamu tu; hiyo ikitoka na HRP2 isitoke, hapo pana jambo la kuripoti. Kuna ile inayokamata pLDH ya vimelea vyote vya malaria. Hiyo ikitoka peke yake, mgonjwa anaweza kuwa na vivaksi, malariae au ovale, ambavyo havijawahi kuwa na HRP2 hata siku moja. Nimeona ripoti zilizojaa "ufutikaji" kumbe ni ovale.

Na hata sisi wa maabara hujikwaa. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi zamani tulipokea karatasi-chujio zenye matone ya damu iliyokaushwa, zote za wagonjwa waliokuwa mRDT hasi na slaidi chanya. Tukatoa DNA, tukaizidisha kwa PCR, tukaipitisha kwenye jeli. Ukiiweka jeli juu ya taa ya urujuanimno, kila jeni iliyopatikana hung'aa kama kijiti kidogo, na mahali pa pfhrp2 palikuwa peusi, safu nzima. Tulishangilia, nakiri, kwa namna isiyofaa kwa habari mbaya. Tulikwisha kuanza kuandika ripoti. Mama mmoja mtaalamu, mkubwa wetu kazini, akaja akatazama picha, akauliza swali moja: "Na jeni nyingine ziko wapi?" Tukazipima msp1 na msp2, jeni ambazo kila kimelea lazima kiwe nazo. Nusu hazikuonekana. Tukazirudia karatasi zenyewe: zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko kabla hazijakauka, zina madoa ya ukungu, na DNA ilikuwa imekatikakatika. Jeni haikuwa imefutika kwenye kimelea. Ilikuwa imeoza kwenye karatasi yetu. Kosa letu lilikuwa lilelile la kuamini mstari usiokuwepo.

Siku hizi hakuna anayekubali ufutikaji hadi sampuli ithibitishe mambo kadhaa: kwamba ni falsiparamu, kwamba DNA yake ni nyingi na nzima, kwamba jeni nyingine za nakala moja zimeonekana, na ikiwezekana kwamba protini ya HRP2 yenyewe haipo kwenye damu wakati pLDH ipo. Kuna pia mabadiliko madogo zaidi, ya idadi na mpangilio wa vile vipande vinavyojirudia ndani ya HRP2, ambayo yalizua hofu miaka ya nyuma. Kwa mgonjwa mwenye vimelea vya kutosha hayajaonekana kuleta shida kubwa, na nisingekusumbua nayo.

Haya, mgonjwa yuko mbele yako, ana homa, kipimo hasi.

Kumpima tena papo hapo kwa kipimo kilekile ni kumuuliza shahidi yuleyule swali lilelile. Kunasaidia tu kama una sababu ya kuamini ulikosea mara ya kwanza: damu ilikuwa haba, muda haukutimia, pakiti ilikuwa na tundu. Kama unachoshuku ni jeni, unahitaji shahidi mwingine, yaani slaidi au kipimo cha pLDH. Homa ikiendelea siku moja au mbili, kupima tena kuna maana, kwa sababu vimelea vilivyokuwa vichache huenda vimeongezeka.

Usianze kugawa dawa mseto kwa kila aliye hasi. Najua kishawishi hicho baada ya kisa kama cha yule mtoto. Lakini wengi wa wanaotoka hasi kwako kweli hawana malaria, na ukimpa mtoto mwenye nimonia dawa ya malaria, mama anarudi nyumbani ametulia huku mapafu yanajaa. Hesabu pumzi, tazama masikio, uliza kuhara na mkojo. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au aliyelegea bila kuitika, huyo hasubiri ubishi wa vipimo: fuata mwongozo wa nchi yako kuhusu huduma ya kabla ya rufaa, aondoke haraka. Ulivyofanya ndivyo, na ulifanya sawasawa.

Kwa visa viwili kama vyako, kinachohitajika zaidi ni kumbukumbu. Wewe huna maabara, lakini una daftari, na habari za Eritrea zilianza na wahudumu walioona kitu kisichokaa sawa wakakisema. Andika aina ya kipimo, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, tarehe ya mwisho wa matumizi, saa uliyosoma, na majibu ya slaidi pamoja na idadi ya vimelea. Mpelekee mratibu wa malaria wa eneo lako. Akikuomba tone la damu kwenye karatasi-chujio, liache likauke kwenye kivuli, mbali na nzi, hata kama ni usiku kucha, kisha ulifunge peke yake na kipakiti cha kukaushia. Usilifunge likiwa na unyevu. Unajua sasa kwa nini ninasisitiza.

Jambo moja nitalitaja kwa sababu wengi wameniuliza: je, kimelea kisichoonekana kwa kipimo ndicho pia kisichosikia dawa? Hapana, hizo ni jeni tofauti. Usugu wa artemisinini unatokana na mabadiliko kwenye jeni ya kelch13, iliyo kwenye kromosomu ya 13 lakini mbali na ile ncha inayokatika. Ila hakuna kinachozuia mawili hayo kukutana, na Eritrea yamekutana: badiliko la kelch13 liitwalo R622I lilipanda kutoka asilimia 8.6 ya sampuli mwaka 2016 hadi asilimia 21 mwaka 2019, na baadhi ya vimelea hivyo havikuwa na pfhrp2 wala pfhrp3. Hilo linawanyima watu usingizi kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Kuhusu wagonjwa wako wawili, ninachotaka kujua ni vitu vitatu: idadi ya vimelea kwenye slaidi ya yule mtu mzima, maana hukuitaja, kama wote wawili walipimwa kwa toleo moja la boksi, na kama hospitali bado wanazo slaidi hizo. Wengi huzitunza kwa muda kwa ajili ya ukaguzi. Kama zipo, waombe mtu wa pili azisome kabla hazijaoshwa.